Baba hataki kuachia funguo za posta

Shikamoo mshauri,

Kamwene kwa wasomaji wote wa nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Makete, kwa sasa niko Mbeya mjini kikazi. Baba yetu ana miaka 67. Vita ya Kagera alikwenda akiwa kijana wa mizinga, akarudi na vipande vya chuma kwenye goti la kushoto na masikio ambayo kila mwaka yanazidi kufa. Tangu 1986 yeye ndiye mtu wa barua wa kata yetu. Hajaajiriwa na posta. Shule ya sekondari, zahanati, parokia na ofisi ya kata kila moja ina sanduku lake huko wilayani, na funguo zote nne anazo baba. Wanakijiji wanatumia masanduku hayohayo. Jumanne na Ijumaa anashuka na baiskeli yake ya Phoenix, anafungua masanduku, anapanda na mzigo kilomita 18, halafu anaanza kugawa nyumba kwa nyumba. Kila taasisi inamchangia kidogo kwa mwezi.

Tangu mvua zianze ameanguka mara mbili. Mara ya pili breki ziligoma kabisa kwenye mteremko wa darajani, akaingia mtaroni, mfuko ukalowa. Ndani kulikuwa na cheti cha mtoto wa watu, wino wa sahihi ukasambaa. Tena hasikii: pikipiki ikishampita ndipo anashtuka. Na anarudi nyumbani saa mbili, saa tatu usiku, kwa sababu hakubali kumwachia mtu barua isiyo yake. Ukimwambia "baba, si umwachie jirani yake", anakasirika kweli. Marehemu mama ndiye aliyetueleza kwa nini. Barua ambayo baba alimwandikia akiwa vitani aliachiwa mtu aifikishe, ikakaa kabatini kwa huyo mtu miezi minne, na mama alikuwa ameshaanza kulia msiba. Baba mwenyewe hajawahi kutusimulia hilo, wala jambo lolote la vita. Usiku wa radi anaamka, anakaa barazani na koti lake mpaka kunakucha.

Kaka anataka tumnunulie pikipiki. Dada mkubwa anataka tuchukue funguo tuwarudishie wenye masanduku. Mimi nipo katikati. Tufanyeje?

Binti wa Makete

*

Marahaba, mwanangu.

Pikipiki msinunue, na funguo msichukue. Pesa mliyotenga itafanya kazi zaidi kwenye raba za breki, nauli ya Noah na kipimo cha masikio.

Nianze na la kaka yako, maana ni la haraka na linaweza kumuua mzee. Pikipiki hizi za kwetu gia zake zinabadilishwa kwa mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto ndio wenye vyuma. Kwenye mlima wa utelezi utabadili gia mara kumi ndani ya kilomita moja, na goti likikataa katikati ya gia, pikipiki inarudi nyuma. Weka juu yake kelele ya injini na kofia ngumu kwenye masikio ambayo tayari hayasikii, na leseni daraja A ya kuanza kuitafuta akiwa na miaka 67. Hapana.

Dada yako naye ana hofu ya haki, lakini akichukua funguo atakuwa amechukua kitu ambacho hakijui. Soma tena barua yako mwenyewe. Mzee hang'ang'anii baiskeli, wala michango ya mwezi. Anang'ang'ania barua ifike mkononi mwa mwenyewe. Hilo msiliguse. Mengine yote yanayozunguka hilo yanaweza kubadilishwa, na nadhani atakubali ukianza na breki, kwa sababu breki hazimtukani mtu.

Phoenix ya zamani ina breki za vyuma. Ukibana hendeli, fimbo inavuta upinde wenye raba mbili, raba zinapanda na kugusa ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama ekseli. Ringi ni chuma kilichopakwa kromu. Kikiwa kikavu, inashika vizuri tu. Kikilowa, raba inateleza juu ya kromu kama kidole juu ya sahani yenye mafuta, hata ubane kwa mikono miwili. Breki za mzee siku ile zilifanya kile zinachofanya kila mvua inaponyesha, ila safari hii nyuma kulikuwa na mzigo na mbele kulikuwa na daraja.

Kuna na ugonjwa mwingine unaojificha hapohapo. Nafasi kati ya raba na ringi inatakiwa iwe milimita 2 hadi 3, tuseme unene wa kadi tatu za benki zikibanwa pamoja. Ringi ikipinda kwa mashimo, inaanza kugusa raba upande mmoja kila inapozunguka, baiskeli inakuwa nzito. Fundi wa haraka hanyooshi ringi. Analegeza breki ili izunguke. Mwenye baiskeli anashukuru, anaona imekuwa nyepesi. Kuanzia hapo hendeli inafika mpaka kwenye usukani kabla raba hazijabana. Kwa hiyo mwambie fundi akaze spoku kwanza mpaka ringi inyooke, ndipo aguse breki. Raba zikibaki milimita 3 juu ya bati lake, zibadilishwe zote nne siku moja. Nati zinazoshika viungo vya fimbo hulegea zenyewe kwa mtikisiko wa barabara ya mawe: zikishakazwa, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha unaopita kwenye nati hadi kwenye fimbo. Siku mstari ukikatika, nati imezunguka. Mzee ataona kwa jicho bila kushika spana.

Usimweleze haya kwa maneno. Mpe jaribio. Asimame kando ya baiskeli, abane breki ya mbele na kuisukuma mbele kwa nguvu: gurudumu la nyuma linatakiwa linyanyuke. Abane ya nyuma, asukume: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Halafu mmwagie ringi nusu lita ya maji na arudie. Mtu aliyefundishwa mizinga anaheshimu jaribio kuliko ushauri wa mtoto wake.

Atakuja mtu awaambie mfunge ringi ya aluminiamu na breki za kubana kando. Ni wazo zuri, aluminiamu ikilowa inashika kuliko kromu, lakini kuna mtego wa saizi. Tairi lake la sasa, kama ni 28 kwa 1½, ubavuni limeandikwa 40-635; hiyo 635 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Ringi nyingi za aluminiamu zinazoitwa "28" dukani ni za 622. Tairi la zamani halitakaa, na ringi mpya itakuwa chini kwa milimita 6.5 kila upande, kwa hiyo raba za breki fupi hazitaifikia. Ukiamua kubadili, nunua ringi, tairi, tyubu na breki za mikono mirefu kwa pamoja, au acha kabisa. Nusu nusu ndiyo mbaya zaidi.

Hata baada ya hayo yote, kwenye mvua mteremko mkali ushukwe kwa miguu, baiskeli upande wa kulia wa mwili ili goti bovu lisigongwe na pedeli. Juni hadi Agosti, asubuhi ya barafu, vidole vikifa ganzi havibani kitu. Apewe glavu za sufu, na mbao za daraja zisipitwe mpaka jua liziguse.

Sasa swali ambalo hakuna kati yenu aliyeliuliza: kwa nini baiskeli inashuka wilayani? Kazi ya baiskeli iko huko juu, kwenye kugawa. Kule chini kuna masanduku manne tu ya kufungua. Baiskeli ilale ofisi ya kata. Jumanne na Ijumaa mzee apande Noah ya asubuhi na funguo zake, afungue masanduku mwenyewe, arudi na gari na mfuko mapajani. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki igawanywe na taasisi nne, ni kiasi ambacho mkuu wa shule hawezi kukikataa mbele ya padri. Mteremko wa darajani utakuwa umeufuta kwenye maisha yake bila kumwambia "umezeeka". Barabara ikikatika na gari lisipande, barua zisubiri safari nyingine. Kama kuna taarifa ya EMS (posta ya haraka) au ya rejista, mwenye barua apigiwe simu aamue kama atashuka.

Kuhusu mfuko. Hukusema ni wa aina gani, lakini kwa mtu aliyeanza 1986 sitashangaa ukiwa ni ule wa turubai wa enzi za Posta na Simu, kabla mashirika hayajatenganishwa mwanzoni mwa 1994. Turubai la umri huo huvuja kwenye mishono. Msiutupe! Usugueni nta ya nyuki kavu kwenye mishono na chini, weka gazeti juu, pitisha pasi ya mkaa yenye joto la wastani mpaka nta iyeyuke na kunywewa. Rudieni mara mbili, na kila mwanzo wa mvua. Ndani yake mweke nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea wa kilo 50, ile ngumu, lakini ioshwe kwa maji matatu na ikaushwe kwanza. Watu wanaisahau hatua hiyo. Urea iliyobaki kwenye mikunjo inavuta unyevu wa hewani, na karatasi inalowa ndani ya mfuko usiovuja tone. Mdomo wa nailoni usokotwe, ukunjwe chini kama shingo ya bata, ufungwe kwa ukanda wa tyubu.

Mzigo kwenye keria usizidi kilo 15, na uwe chini. Mfuko uliorundikwa juu ya keria ndio unaoyumbisha baiskeli kwenye kona. Madumu mawili ya lita 20 yaliyokatwa dirisha ubavuni, yamefungwa pande mbili za gurudumu la nyuma kwa bolti za milimita 6 na washa pana za mpira wa tairi, yanashusha uzito mpaka usawa wa ekseli. Yatobolewe matundu mawili chini, maji yakiingia yatoke. Barua zisimame wima, kila kitongoji na ukanda wake wa tyubu, kituo cha kwanza kiingie mwisho.

Cheti kilicholowa, kwa kuwa kitatokea tena siku moja: kisianikwe juani, kisipigwe pasi. Kiwekwe katikati ya vitambaa vyeupe vikavu chini ya ubao wenye uzito, vitambaa vibadilishwe kila saa kwa saa nne za kwanza. Gazeti lisitumike, linaachia wino wake. Wino wa sahihi uliokwisha kusambaa haurudi. Hapo mzee aandike siku hiyohiyo, tarehe na mahali, na mwenye cheti aende nayo kwa aliyekitoa.

Nyumba kwa nyumba ndiyo inayomleta saa tatu usiku, na hapa ndipo mtahitaji akili. Mkononi mwa mwenyewe, ndiyo. Lakini nani kasema mkono huo lazima ukutwe nyumbani? Wenyewe wanatoka. Siku ya gulio wako gulioni, Jumapili wako kanisani, siku ya kliniki kina mama wako zahanati. Mzee akae mahali palepale saa ileile, meza na kiti, watu wamfuate. Wewe ukiwa Mbeya unaweza kufanya sehemu yako bila kusafiri: akupigie au mjukuu akutumie picha ya bahasha, wewe utume meseji fupi kwa wenyewe, "Una barua kwa mzee, Jumamosi gulioni saa tano." Orodha ya majina inaweza kubandikwa ofisi ya kata, ila barua za mahakama, hospitali na benki majina yake yasiwe humo. Kijiji kikijua fulani kaandikiwa na mahakama, mzee ataonekana ndiye aliyetangaza.

Watabaki wasioweza kutoka, wagonjwa na wakongwe. Sidhani watazidi nyumba saba. Hao awafuate, na awafuate mchana.

Na kwa kila nyumba kuwe na mtu wa pili. Mwenye barua mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mzee, ataje: nisipokuwepo mpe fulani. Jina liandikwe kwenye daftari na mwenyewe aweke sahihi au dole gumba. Hii ni tofauti kabisa na "mwachie jirani". Yule aliyeweka barua ya mama yenu kabatini hakuchaguliwa na mama yenu. Nadhani mzee ataiona tofauti hiyo upesi kuliko ninyi, lakini msiitaje hiyo barua. Mseme tu habari ya daftari.

Daftari liwe kaunta buku la kwaya mbili: tarehe, namba kama ipo, jina kamili, kitongoji, sahihi ya kupokea. Jina kamili ni lazima kwenu kuliko kwingine kokote. Makete barua ya "Sanga" ni sawa na barua ya "mtu". Kata moja inaweza kuwa na kina Sanga watano wenye jina la kwanza linalofanana. Mzee anawatofautisha kichwani, kwa babu zao na vitongoji vyao, na hiyo maarifa haiko popote pengine. Kaka yako, badala ya kutafuta pikipiki, akae naye Jumapili mbili na kuandika kurasa za nyuma za daftari: jina, babu, kitongoji, simu. Wanaoandikiwa nao wawaambie wanaowaandikia waongeze namba ya simu kwenye bahasha, na postikodi ya kata yao, tarakimu tano. Za mkoa wa Njombe zinaanza na 59. Bado kuna watu mijini wanaandika "Makete, Iringa", ingawa Njombe ni mkoa tangu 2012, na barua inaanza kwa kuzunguka.

Jambo dogo ambalo mpiga mizinga atalifurahia. Watu humtumia namba ya kufuatilia kifurushi kwa meseji, tarakimu zimegeuzwa, anafika dirishani anaambiwa haipo. Namba ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi. Ya rejista inaanza na R, ya EMS na E, ya kifurushi na C. Tarakimu ya tisa ni mlinzi wa zile nane. Chukua mfano RR 015260347 TZ. Zidisha zile nane za kwanza, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Unapata 0, 6, 20, 4, 18, 0, 27, 28, jumla 103. Gawanya kwa 11, inabaki 4. Toa 4 kwenye 11, unapata 7, na 7 ndiyo iliyoko mwishoni. Namba iko sawa. Mtu akigeuza 34 kuwa 43, jumla inakuwa 105, jibu linakuwa 5, haliendani na 7: mzee ampigie arudie kabla hajalipa nauli. Jibu likitoka 10 andika 0, likitoka 11 andika 5.

Idhini. Kila taasisi iiandikie posta barua yenye jina la mzee na namba ya kitambulisho chake cha NIDA, na jina la msaidizi mmoja. Leo akilazwa, masanduku manne yanafungwa. Vitu vya rejista na EMS vinatolewa kwa kitambulisho na sahihi, kwa hiyo anayemtuma ampe kikaratasi cha idhini na nakala ya kitambulisho, asimtume kwa mdomo.

Masikio. Mzinga ukilia karibu unaua vinyweleo vya ndani kabisa ya sikio, na havioti tena. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza: kengele, honi ya pikipiki, sauti za wajukuu. Lori analisikia, ndiyo maana anabisha kwamba masikio yake ni mazima. Lakini kabla ya kulaumu vita, mpelekeni aangaliwe nta. Inaziba wazee wengi na inatolewa kwa dakika chache. Msichokonoe na kijiti. Kwenu Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na ana miaka zaidi ya 60, mwulizie dirisha la wazee. Wakimpa kifaa cha kusikia, uliza namba ya betri kabla hamjatoka. Kwa mfano namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, hudumu wiki moja hadi mbili tu, na Makete hutaipata kila duka. Nunua za miezi mitatu. Betri hizi zinaanza kuisha pale kibandiko kinapobanduliwa, hata kifaa kisipowashwa.

Wakati mnasubiri, fungeni kioo cha pikipiki kwenye usukani upande wa kulia, maana sisi tunaendesha kushoto na anayekupita anatokea kulia. Na kizibao kinachong'aa.

Goti msilikande kwa nguvu. Piga picha ya eksirei mjue vyuma viko wapi. Likivimba, likiwa jekundu na moto, au likitoa usaha, ni hospitali siku hiyo, hata kama jeraha ni la 1979. Chuma kinaweza kuhama. Na siku yoyote akiandikiwa kipimo cha MRI, aseme kwanza kwamba ana vyuma mwilini, kwa sababu mashine ile ni sumaku kubwa.

Usiku wa radi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Msimfuate barazani kumwuliza anaona nini, na msimrudishe ndani. Taa iwe inawaka barazani, blanketi liwepo, chai iwe kwenye chupa. Anayetaka kukaa naye akae, aongee habari za mahindi au za mitihani ya watoto, au anyamaze. Akiwa usingizini msimshike bega. Simama upande wa miguuni, mwite kwa jina analoitwa na wenzake mpaka ajibu, kisha ndipo usogee. Bati la jiko likianguka, sema "ni bati". Mtu anayeshtuka hivyo akianza kutafuta usingizi kwenye pombe ya ulanzi, au akianza kukataa kula na kuonana na watu, basi kliniki ya afya ya akili, na mwende naye kama mnavyokwenda naye kwa goti. Julai 25, Siku ya Mashujaa, mwulizeni mapema kama anataka kwenda. Msimpeleke kwa kumshtukiza. Kunaweza kupigwa mizinga.

Karatasi zake za jeshi, nakala tatu, na za asili zisipigwe plastiki, kwa sababu ofisi nyingine hukataa hati ambayo muhuri wake hauguswi. Angalia kama jina lililoko huko linafanana herufi kwa herufi na la NIDA. Lisipofanana, hati ya kiapo iandaliwe sasa, akiwa na nguvu ya kwenda mwenyewe.

Omba ruhusa kazini, Jumanne ijayo upande naye hiyo Noah. Afungue masanduku mwenyewe, yote manne. Wewe shika daftari tu, uandike majina atakayokutajia.